Muulize Fundi: "Fundi vioo kasema ni kazi ya saa moja"

Shikamoo mzee. Mimi na binamu yangu tunaunda ndege ya watu wawili hapa Kigamboni, nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Ni ya alumini, vipande tulivinunua Marekani vikaja kwa kontena, na huu ni mwaka wa nne. Mbawa tayari, mkia tayari, sasa tumefika kwenye kanopi, kile kifuniko angavu cha juu ya rubani. Michoro inatutaka tutoboe matundu, tufunge kwa skrubu na ribiti kwenye fremu ya chuma. Tulijaribu kwanza kwenye kipande cha masalia, tundu la tatu likapasua plastiki mpaka ukingoni. Kanopi yenyewe tunayo moja tu, na kuagiza nyingine ni bei ya bodaboda mpya, bado usafiri. Tunasikia wenzetu wa nje wanaigundisha badala ya kuipiga skrubu. Binamu akamwonyesha picha fundi wa vioo vya magari pale Ilala. Jamaa akacheka, akasema ni kazi ya saa moja na gundi anayo dukani. Mimi moyo unasita. Je, gundi inaweza kushika kanopi angani? Na huyu fundi tumwachie kazi?
Mwenye Wasiwasi, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Moyo wako umesita mahali pake, ila nadhani unaogopa kitu ambacho si chenyewe. Unaona upepo unaing'oa kanopi juu ya Mafia huko, wewe na binamu mmebaki na miwani tu. Hebu tulipigie hesabu hilo kwanza tulimalize.

Ndege ikienda kilomita 300 kwa saa, hewa inayoikabili ina msukumo wa kama kilo 430 kwa mita mraba. Kanopi haisukumwi chini, inafyonzwa juu, kwa sababu hewa inayopanda ile nundu huongeza mwendo na mgandamizo wake hupungua. Tuseme inafyonzwa kwa nguvu yote hiyo, na eneo lake ni mita mraba moja. Sasa pima ukingo wako: ukipaka gundi utepe wa sentimita 2 kwa mzunguko wa mita 5, una sentimita mraba 1,000 za gundi. Gawanya. Kila sentimita mraba inabeba chini ya nusu kilo. Gundi ya poliyurethani iliyokauka sawasawa haichaniki hata ukiitundikia kilo 10 kwa sentimita hiyohiyo. Upepo tumemalizana nao.

Kinachoua kazi hii ni jua la Kigamboni.

Fundi wako wa Ilala si mwongo. Kioo cha mbele cha gari kimeshikwa na gundi ya ukoo huohuo, na akikuwekea leo kesho unaenda Morogoro. Lakini yeye maisha yake yote amegundisha kioo kwenye chuma, na hao wawili hutembea pamoja. Ukiwapasha joto kwa digrii moja, kioo hurefuka kama sehemu 9 katika milioni ya urefu wake, chuma sehemu 12. Karibu sawa. Kanopi yako si kioo, ingawa sote tunaiita kioo. Ni akriliki, plastiki ngumu angavu, na akriliki hurefuka sehemu 70 hivi. Imefungwa kwenye fremu inayokwenda 12.

Kanopi yenye urefu wa mita moja na nusu, alfajiri ya Agosti ikiwa na digrii 20, saa saba mchana imefungwa juani ikafika 60, itakuwa imerefuka milimita 4.2. Fremu yake ya chuma itakuwa imerefuka 0.7. Kuna milimita tatu na nusu zinazotafuta pa kwenda. Katikati ikitulia, kila ncha inateleza kama milimita moja na robo tatu. Kisha unapaa, unafika futi 10,000 ambako hewa ina ubaridi wa digrii 20 zaidi ya pale ulipoondokea, na vyote vinarudi nyuma. Jioni unashuka, kesho tena. Na skrubu nazo zinavutwa na safari hiyohiyo. Ndiyo maana wanaozitumia hutoboa tundu pana kuliko skrubu, na wasiofanya hivyo huona ufa unaanza palepale kwenye tundu.

Kwa hiyo usiulize kama gundi ina nguvu. Uliza kama ni nene.

Chukua kandambili iliyokatika, ile soli yake nene. Ibane katikati ya viganja viwili, kisha sogeza kiganja kimoja mbele kidogo, kama milimita mbili. Soli inalala upande, haikatai. Sasa bana kipande cha mpira wa puto, sogeza vilevile. Ama kinateleza ama kinachanika. Gundi yenye unene wa milimita moja ikivutwa milimita moja na robo tatu ni yale mambo ya puto. Yenye unene wa milimita nne inalala tu kama soli. Chini ya tatu usiende kabisa. Kwa urefu wa kanopi yako na jua letu, mimi ningeweka nne au tano.

Hili sikulisoma mahali, nililipia. Mwaka 2009 jirani yangu wa Kunduchi aliniomba nimrudishie dirisha la akriliki kwenye boti yake. Mimi fundi wa ndege, nikaona dirisha la boti ni mchezo. Nikapaka gundi, nikalibana kwa kiganja na vibanio mpaka gundi ikatoka pembeni pande zote, nikaifuta kwa kidole. Lilikaa vizuri mno, huoni hata mstari. Kabla mwaka haujaisha akaniita: kona moja imeinuka, maji ya chumvi yanaingia kwenye godoro. Nilipoivuta ile kona, gundi ilibanduka kwenye plastiki kama ganda la ndizi, na chini yake akriliki inang'aa kama siku niliyoinunua. Gundi yenyewe ilikuwa nzima, tena imara. Haikuwa imeshika kitu.

Nilikuwa nimefanya makosa matatu, na kona ile moja iliyaonyesha yote. La kwanza ni hilo la wembamba. La pili, sikupaka praima, ile rangi ya kwanza inayoisaidia gundi kushika, nilifuta vumbi tu nikaona inatosha. La tatu ndilo wengi hawalijui. Akriliki inapitisha jua. Gundi iliyo nyuma yake inaota jua kutwa nzima kupitia dirisha, na mionzi inakula ile ngozi nyembamba inayogusa plastiki. Tazama kioo cha daladala yoyote: ukingoni kuna utepe mweusi uliochomwa ndani ya kioo, wenye vidotidoti kuelekea katikati. Watu hudhani ni urembo. Ule ni mwavuli wa gundi. Fundi wa Ilala hajawahi kuufikiria kwa sababu unakuja na kioo kutoka kiwandani. Kanopi yako haina. Mwavuli utautengeneza mwenyewe: praima nyeusi kwenye ukingo wa ndani, halafu kwa nje utepe wa faiba au rangi inayofunika eneo lote la gundi na kupita kidogo.

Sasa gundi ipi. Wanaojiundia ndege huko nje wengi hutumia Sikaflex-295 UV, ambayo ilitengenezwa kwa madirisha ya plastiki ya boti. Ile ya vioo vya magari iliyoko dukani kwa fundi wako ni binamu yake, si yenyewe, na praima yake ni ya kioo. Kwa plastiki hutumika praima nyeusi ya namba 209 ya kampuni hiyohiyo, pamoja na kisafishio chao. Nunua vyote kwa pamoja na usome karatasi ya maelekezo ya toleo hilo ulilonalo mkononi, maana hubadilishwa. Tazama na tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye tyubu. Kuna duka moja, silitaji, liliwahi kuniuzia tyubu iliyopikwa juani dirishani kwao. Nilibana bunduki ya kukamulia gundi mpaka mpini ukapinda.

Gundi hii haikauki kwa kupoteza maji kama rangi. Inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, na unyevu Dar hatuna shida nao. Uzuri wake ni kwamba haitakataa kukauka. Ubaya ni kwamba saa yako ni fupi. Vipimo vya kiwandani huchukuliwa kwenye digrii 23 na unyevu wa wastani, na hapo unapata kama saa moja kabla ngozi haijajishika juu. Kwa Aprili ya Kigamboni, mwenye busara ahesabu nusu saa. Ngozi ikishashika, ukiweka kanopi juu yake umeweka juu ya mpira, haitashika. Kazi hii ifanyeni Julai au Agosti, asubuhi jua likishakausha umande, chini ya paa. Siku ya mvua fungeni karakana mkanywe kahawa.

Praima ndiyo inayoumizwa zaidi na unyevu. Itikise chupa mpaka usikie kijipira cha chuma ndani kinagonga, uendelee kutikisa dakika moja nyingine. Mimina kidogo kwenye kifuniko, funga chupa hapohapo. Usichovye brashi ndani ya chupa. Ikianza kuwa nzito kama uji, tupa, hata kama imebaki nusu na roho inauma.

Kabla ya praima, ukingo wa akriliki uchubue kwa msasa mwembamba mpaka ule mng'ao ufe, na fremu vilevile juu ya rangi yake ya epoksi. Chuma kitupu usikigundishe, hewa ya chumvi mliyo nayo huko itaingia chini ya gundi na kutu itaiinua. Na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri: thina isikaribie kanopi. Petroli isikaribie. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia isikaribie. Nikiwa kijana kwenye karakana moja kule uwanja wa zamani wa ndege, nilipewa kioo cha mbele cha ndege ndogo nikisafishe mabaki ya gundi ya tepu. Nikalowesha kitambaa thina. Baada ya dakika chache nikaona nyuzi za fedha zinaota ndani ya plastiki, moja, tano, halafu kama utando wa buibui kuzunguka kila skrubu. Fundi mkuu wangu hakunigombeza. Aliniletea kiti akasema, "Kaa hapo ukitazame mpaka jioni." Nikakaa.

Zile nyuzi huota pale plastiki ilipo na mkazo. Ndiyo maana ziliizunguka skrubu. Na ndiyo maana kanopi yako lazima ikae kwenye fremu kwa uzito wake wenyewe kabla hujafungua tyubu yoyote. Ikiwa inabidi binamu aisukume kwa mkono ili kona iguse, acheni. Kateni, chongeni, rekebisheni fremu, hata ikichukua mwezi. Gundi itaishika hata ikiwa imelazimishwa, hilo ndilo tatizo, kwa sababu mkazo utabaki humo ndani ukisubiri siku ya thina au siku ya baridi.

Ili unene ubaki nne, unahitaji vigingi. Usiweke vipande vya mbao wala washa za chuma, vitakuwa vigumu kuliko gundi na plastiki itaegemea juu yake. Wiki moja kabla, kamua gundi kidogo katikati ya karatasi mbili za nailoni, pembeni weka vijiti vya milimita 4, bana juu kwa ubao. Ikikauka katakata vidonge kama vipande vya njugu, uvibandike kila baada ya sentimita 15 kwenye fremu. Vitamezwa na gundi mpya na huwezi kuvitofautisha tena.

Siku yenyewe, mdomo wa tyubu usiukate wima kama kila mtu. Ukate uwe na pengo la umbo la V, ili gundi itoke kama paa la nyumba, imesimama, urefu wa sentimita moja hivi. Kanopi ikishuka juu ya paa hilo inalilaza kuanzia kileleni na hewa inatoka pembeni. Ukipaka bapa, hewa inanaswa katikati na utaiona milele kupitia plastiki, vipovu vimekaa vinakutazama. Fanyeni mazoezi makavu bila gundi mara tatu: nani anashika mbele, nani nyuma, nani anasema "shusha". Wekeni tepu za alama ili ishuke mahali pake mara moja, haina kuburuta. Ikishakaa kwenye vidonge, mizigo midogo juu yake inatosha, mifuko ya mchanga wa kilo moja. Vibanio hapana.

Halafu iacheni. Unyevu haupiti kwenye plastiki wala kwenye chuma, unaingia kutoka ukingoni tu, na mwanzoni unakula kama milimita tatu kwa siku, baadaye unapunguza mwendo. Utepe wa sentimita 2 una sentimita moja kila upande. Wiki nzima usiifungue. Mimi ningekaa mbili.

Lakini kabla ya hayo yote chukua yale masalia uliyoyapasua. Gundisha kipande kwenye bati lenye rangi ileile ya fremu, kwa hatua zilezile, unene uleule. Kiache juani juu ya paa la banda wiki mbili, kisha kivute kwa koleo. Gundi ikichanika yenyewe, mpira ukabaki pande zote mbili, endelea. Ikibanduka safi upande mmoja, huo upande haukuandaliwa. Rudia. Mwaka 1944 Waingereza walisimamisha ndege zao za mbao aina ya Mosquito kule India baada ya mbawa kuachia angani. Joto na unyevu wa kule ndivyo vilivyonyooshewa kidole. Walipozipasua wakakuta pia maungio ambayo kiwandani hayakuwa yamegundishwa sawasawa. Nikisikia mtu anasema gundi fulani "haifai kwa hali ya hewa ya Dar", kwanza namuuliza nani aliipaka.

Kuhusu lile tundu lililopasuka: biti ya kawaida ya drili imechongwa ili ing'ate chuma, na ikifika upande wa pili wa akriliki inaing'ata kwa pupa. Inatakiwa biti iliyopunguzwa makali yake ili ikwangue. Bado utaihitaji, kwa sababu baadhi ya michoro inataka skrubu chache za mbele zibaki hata ukigundisha. Wenzetu wa nchi za baridi husubiri kiangazi ndipo wakate kanopi, maana akriliki baridi hupasuka. Sisi hapo tumependelewa.

Umeacha michoro, kwa hiyo usikae kimya. Mwandikie aliyebuni ndege umuulize kama anakubali gundi kwa aina yako na kwa upana gani. Jibu lake liweke kwenye faili pamoja na picha za kila hatua, namba za tyubu, tarehe na joto la siku hiyo. Kisha nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pale Banana kabla ya kugundisha, si baada. Gundi ikishafunikwa mkaguzi haioni, na bila wao hakuna 5H, alama ya usajili wa ndege za Tanzania, kwenye mkia.

Na fundi wa Ilala? Mwite. Sitanii. Mkono wake na bunduki ya gundi unavuta mstari ulionyooka mita mbili bila kupumua. Wewe mstari wako wa kwanza utakuwa kama njia ya mlevi. Mlipe siku nzima, mwambie asubuhi ni ya mazoezi makavu. Praima na vidonge vibaki kwako. Na akitaka kubana kwa kiganja "ishike vizuri", mwonyeshe kandambili.

Shikamoo fundi. Nimefungua tyubu ya gundi ya namna hiyo kuzibia dirisha la bajaji, imebaki zaidi ya nusu. Jamaa kanishauri niiweke kwenye friji. Ni kweli?
Dereva, Tabata

Marahaba. Friji inaipunguzia kasi kidogo, haiizuii, maana unyevu uliokwisha kuingia mdomoni unaendelea na kazi yake. Acha gundi ijitokeze kidogo kwenye mdomo, chomeka msumari mrefu, zungushia nailoni na mpira. Baada ya siku chache vuta msumari, utatoka na kifuniko chake cha mpira na nyuma yake huenda ikawa bado laini. Kwa dirisha la bajaji inatosha. Kwa ndege ya yule kijana wa Kigamboni, tyubu iliyofunguliwa jana ni takataka. Na ukiiweka kwenye friji iandike jina. Mke wangu aliwahi kuikuta yangu karibu na siagi, na tangu hapo nina friji yangu karakanani.